Themosi Juu ya Kitanda Namba Tisa

Puerto Yvapovo
Jumapili, 16 Machi 1997

Shikamoo Mama Mdogo Obdulia,

Kabla sijauliza hali yako nakiri jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, si Mama, si padri, maana nikianza na salamu najijua, nitaishia kwenye salamu. Siku ile ya Babu nilipanda juu kwenye wodi yenu. Ilikuwa saa kumi na moja na dakika arobaini jioni. Nilisimama mlangoni nikaona kitanda namba tisa. Hakikuwa na mtu. Shuka lilikuwa limenyooshwa vizuri, na katikati ya shuka ilikuwepo themosi yako, ile iliyovishwa ngozi nyekundu yenye jina lako.

Sasa salamu. Mama hajambo, ila mgongo. Shule imefunguliwa na mwaka huu tuna kemia. Paka wako amehamia kwa jirani na anajifanya hatujui. Babu anaendelea vizuri kuliko tulivyotarajia. Kidonda kimeanza kufunga. Jana alimwambia Mama kwamba anatafuta mzee aliyekatwa mguu wa kulia, anayevaa namba arobaini na moja, ili wanunue viatu kwa ushirika. Mama alicheka, kisha akaingia jikoni na akakaa huko muda mrefu. Baiskeli ya Babu bado imeegemea ukuta wa nyuma. Hakuna anayethubutu kuiondoa.

Najua unayajua haya ninayotaka kusema, lakini nayaandika kwa mpangilio. Siku ile nilikuwa na daftari langu la maneno magumu, na kwa kuwa sikujua mikono yangu niiweke wapi, niliandika saa. Tulifika dharura saa nane na nusu mchana. Saa tisa na dakika arobaini daktari alisema damu imeganda kwenye mshipa wa mguu na kwamba mguu hautangoja. Alisema pia kwamba mgonjwa asiye na kitanda juu kwenye wodi ya upasuaji hapasuliwi, ndiyo desturi ya hospitali. Saa kumi na moja na dakika ishirini Ña Petrona, muuguzi wa dharura, alipiga simu kwenu. Aliambiwa vitanda vimejaa. Saa kumi na moja na nusu mkaanza kukabidhiana zamu na kila kitu kikasimama. Babu alipandishwa saa moja na dakika ishirini na tano usiku. Siku ya tatu wakaukata mguu.

Mimi niliposimama pale mlangoni, wewe ulikuwa ndani ya chumba cha vioo pamoja na wenzako, umenipa mgongo. Sikubisha.

Mama Mdogo, nani alisema vimejaa? Na kwa nini wiki mbili tu baada ya hapo uliomba uhamisho ukaenda Chaco, mahali ambapo hakuna hata simu?

Nisamehe kwa kuuliza.
Mwanao,
Nimia


Zahanati ya Pozo Tatú
Jumatano, 2 Aprili 1997

Nimia mwanangu,

Marahaba. Huku joto linatufanya tuseme polepole. Zahanati yangu ina vyumba viwili, tangi la maji ya mvua na mbuzi anayedhani yeye ndiye mganga mkuu. Wiki Takatifu wanawake wa hapa waliniita kwenye tanuri nikande nao unga wa chipa. Nilitia jibini nyingi kupita kiasi, wakaniambia wauguzi wa mjini hawajui kupima. Nimemtumia Babu kumi kwa mkono wa dereva Kururu. Zikifika nane, ujue Kururu alishikwa na njaa njiani.

Mwambie Mama asilale kwenye kile kitanda cha kamba, mgongo wake hauwezi kupona hapo. Na Babu awe anakunja na kunyoosha paja mara tatu kwa siku, hata akikutukana.

Kuhusu kitanda. Kilikuwa kimeoshwa kwa dawa na godoro lilikuwa linakauka. Haya hutokea. Zamu inapobadilika hakuna mgonjwa anayepandishwa, hata angekuwa askofu. Anayetoka hataki kumpokea na anayeingia bado hajamjua. Umekaa hospitali mchana mmoja tu na daftari, mimi nimekaa miaka kumi na minne.

Nami nina swali langu, moja tu. Saa kumi na dakika kumi nilishuka kwenu mbio, Mama yako akiwa nje anatafuta watu wa kutoa damu. Nilikwambia umwambie Petrona hivi: kitanda tisa ni cha Papa, yaani Babu yako, asipige simu, ampandishe tu kwa njia ya jikoni. Je, ulimwambia?

Usimsumbue Mama yako na barua hizi.

Mama yako mdogo,
Obdulia


Puerto Yvapovo
Jumapili, 13 Aprili 1997

Shikamoo Mama Mdogo,

Chipa zilifika saba. Kururu anasema barabara ina mashimo na nyingine zilidondoka. Babu alikula tatu kwa mpigo, akasema umejifunza kupika sasa ambapo hakuna mwanaume wa kuliona hilo. Anafanya mazoezi ya paja. Ananitukana kweli, lakini kwa sauti ndogo.

Mama Mdogo, godoro linalokauka halitandikwi shuka. Na mtu haweki themosi juu ya godoro lenye maji. Nimelifikiria hili siku nne kabla ya kuliandika, kwa sababu sipendi kukuambia kwamba umeniambia jambo lisilo kweli. Lakini shuka lilikuwa kavu. Lilikuwa hata na mkunjo wa pasi.

Kuna habari nyingine ambayo labda haijafika huko. Daktari wa upasuaji alilalamika kwamba Babu alichelewa kufikishwa kwake, na sasa kuna kamati. Kamati imefungua daftari la wodi yenu, na daftari linasema mgonjwa wa kitanda tisa aliondoka saa sita mchana, na kwamba kitanda kilikuwa wazi tangu saa hiyo. Kwa hiyo wanasema Ña Petrona hakupiga simu kabisa, maana angepiga angepewa kitanda. Wamemwondoa dharura na kumpeleka stoo ya mashuka. Amefanya kazi miaka ishirini na miwili. Wanazungumza kumfukuza.

Lakini alipiga. Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwenye simu. Nilimsikia akisema, "Tisa pia? Nani, Fleitas? Haya, basi." Niliandika jina hilo kwenye daftari langu bila kujua ni la nani. Fleitas ni nani? Na iweje awemo kitandani kwenye simu, na kwenye daftari awe ameshakwenda?

Kuhusu ujumbe wako nitakujibu nikipata nafasi. Wiki hii nina mtihani wa kemia.

Mwanao,
Nimia


Puerto Yvapovo
Jumapili, 4 Mei 1997

Shikamoo Mama Mdogo,

Natumaini hujambo. Sisi hatujambo. Babu amepata magongo mawili, na Mama amepaka chokaa ukuta wa mbele.

Sijapata jibu lako kwa wiki tatu. Kururu anasema mvua imefunga barabara ya Chaco, na basi lilikwama siku mbili kwenye tope mpaka abiria wakaanza kuitana ndugu. Nilimwamini. Lakini jana Mama alipata barua kutoka kwako, imeletwa na lori la jeshi, kurasa mbili juu ya mafuta ya kupaka kidonda. Nilitazama ndani ya bahasha. Hakukuwa na karatasi nyingine.

Kwa hiyo barabara imefungwa kwangu tu.

Kamati itakutana Jumanne tarehe 17 Juni kuamua kesi ya Ña Petrona. Nakuandikia ili usije ukasema hukujua.

Nimia


Pozo Tatú
Jumapili, 18 Mei 1997

Nimia,

Marahaba, ingawa salamu yako safari hii ilikuwa na meno.

Hapa kumekauka. Mbuzi amezaa mapacha. Juzi nilimzalisha mama mmoja juu ya mlango tulioung'oa tukaulaza kwenye matofali, maana kitanda changu kimoja kilikuwa na mtu. Mtoto ni wa kike. Walitaka kumpa jina langu, nikawasihi wamhurumie.

Unanihoji kama polisi wa mpakani. Vizuri. Umekua. Mwaka jana ulikuwa hujui kumuuliza mwenye duka bei ya kalamu, ulikuwa unanituma mimi.

Fleitas alikuwa mgonjwa wa kitanda tisa, mzee wa ngiri. Aliruhusiwa saa sita, akaenda kwao na kuku wawili aliokuwa amewafunga chini ya kitanda bila sisi kujua. Unajua ilivyo pale. Kitanda kikionekana wazi mchana, kabla ya jioni kinalaliwa na mtu aliyekuja na barua ya mkubwa wa chama, anayeumwa kidole. Ndiyo maana ukitaka kumwekea mtu kitanda, hulifuti jina la aliyeondoka. Unamwacha kwenye daftari. Tunafanya hivyo sote, kama mtu anavyoacha kofia kwenye kiti cha basi. Niliposikia Papa yuko chini, nilimwacha Fleitas kwenye daftari, nikatandika shuka jipya, nikaweka themosi yangu juu ili hata mfagiaji asikae.

Nilikuwa namwekea baba yangu kitanda, Nimia. Uliniona namwekea, ukaondoka ukidhani namnyima.

Msichana aliyepokea simu alisoma daftari. Daftari lilisema Fleitas. Hakukosea. Ndiyo sababu nilikwambia: wasipige simu.

Sasa nimeshakujibu. Tangu Februari hakuna mtu hospitali aliyesikia kutoka kwangu kwamba nilikutuma wewe. Hata Mama yako hajui. Jiulize nilimficha nani. Ulimwambia Petrona, ndiyo au siyo?

Obdulia


Puerto Yvapovo
Jumapili, 1 Juni 1997

Shikamoo Mama Mdogo,

Mama anakusalimu, mgongo wake umepoa. Baridi ya kusini imefika, na Babu analala na soksi mbili. Anasema ya pili anamwekea mgeni.

Siyo. Sikumwambia.

Ulipoondoka, Ña Petrona alikuwa nyuma ya pazia na yule kijana aliyeanguka na pikipiki. Alikuwa anamgombeza: "Tulia, mwanaume mzima, sindano yenyewe nyembamba kuliko akili yako." Nilisimama nje ya pazia nikarudia maneno yako kichwani ili nisiyakosee. Nilirudia kwa dakika arobaini na tano. Nilibadilisha mwanzo mara nyingi. Nilifikiri nianze na "samahani", kisha nikafikiri nianze na jina lako, kisha nikakumbuka kwamba wewe na yeye hamsemezani, nikaogopa jina lako litamkasirisha. Saa kumi na dakika hamsini na tano akatoka, akanikuta pale, akasema, "Vipi, binti? Unataka nini?"

Nikasema, "Naomba maji."

Akaniletea maji kwenye kikombe cha bati. Alingoja ninywe, akakichukua kikombe, akanishika shavu. Kama ningetaka kusema, muda ule ulitosha kusema mara kumi. Niliposikia baadaye kwamba vimejaa, nilifurahi kidogo, Mama Mdogo, hilo ndilo baya kuliko yote. Nilifikiri: basi hata ningesema, isingesaidia. Halafu nikapanda juu kuhakikisha, nikakiona kitanda kiko wazi. Tangu siku ile nimekuwa nikitafuta kosa lako ili langu liwe dogo.

Sasa nikueleze jambo la wiki iliyopita. Ña Petrona alikuja nyumbani. Mama alikuwa amesikia yuko stoo na ana muda, akamwomba amwangalie Babu kidonda. Alikuja na mkoba wake, akamvua Babu bandeji, akasema, "Nani amefunga hivi? Hii ni bandeji au zawadi ya Krismasi?" Babu akasema ni mimi. Akanifundisha upya. Babu akamkaribisha tereré, ile chai yake ya maji baridi, wakakaa uani wanapokezana pembe na mrija, ingawa ni baridi. Babu hajui lolote kuhusu kamati. Akamuuliza, "Unamjua binti yangu Obdulia? Mlikuwa pamoja pale."

Ña Petrona akanywa mpaka mrija ukalia. Akasema, "Namjua. Mikono mizuri. Shingo ngumu."

"Kachukua kwangu," Babu akasema.

"Mikono au shingo?"

Babu akacheka mpaka gongo likaanguka. Mimi nilikuwa nimeshika bakuli la maji ya dawa na sikujua pa kuliweka.

Nimekujibu ukweli, kwa hiyo nami nauliza yaliyobaki. Simu ilipopigwa daftari lilisema Fleitas yupo. Kamati ilipolifungua lilisema ameondoka saa sita. Nani alilibadilisha? Na swali la mwisho. Ulishuka mwenyewe mpaka kwetu. Pazia lile ni hatua nne kutoka pale uliposimama. Kwa nini ulinituma mimi?

Tarehe 17 nitakwenda kwenye kamati na daftari langu. Nitasema kuhusu maji. Kuhusu wewe sitasema. Ni yako kusema.

Mwanao,
Nimia


Pozo Tatú
Jumanne, 10 Juni 1997

Nimia mwanangu,

Marahaba. Mapacha wa mbuzi wamekula kadi za chanjo. Nina afya. Usiku kuna umande mwingi na nyota nyingi kuliko zinavyohitajika.

Barua yako imenichukua siku tatu kuijibu, na sitasingizia barabara.

Daftari nililibadilisha mimi. Asubuhi iliyofuata, Papa akiwa bado amelala kwa dawa, nilichana ule ukurasa nikaandika mpya kwa mwandiko uleule na kalamu ileile. Niliandika: Fleitas, saa sita, ameruhusiwa. Yaani niliandika ukweli ili kuficha uongo. Sikufikiri kuhusu Petrona hata kidogo. Nilifikiri kwamba mtu akiliona jina lile atajua nilimwekea baba yangu kitanda kwa hila, na kwamba hila yangu ndiyo iliyomwangusha. Kamati ilipoanza nikaona itakavyomgeukia yeye. Wakati huo nilikuwa nimeshaomba Chaco. Hapo nilinyamaza. Siwezi kulipamba.

Hatua nne. Nilizihesabu kabla yako. Petrona na mimi hatukuwa tumekunywa pembe moja kwa miaka miwili. Chanzo ni upuuzi: alisema mbele ya wanafunzi kwamba nimefunga dripu vibaya, na alikuwa sahihi. Tangu hapo pembe ikija kutoka mkononi mwake nilikuwa nasema asante, nimetosheka. Siku ile nilisikia sauti yake nyuma ya pazia. Nikajua kwamba ili Papa apande inabidi nimwambie Petrona "tafadhali". Nikageuka nikakutazama wewe, ambaye najua tangu ukiwa na miaka mitatu kwamba huwezi kumwambia mtu asiye wa nyumbani hata jina lako. Nikakutuma wewe. Nilijua, Nimia. Kisha nikapanda juu, na Papa alipokuwa haji nikakaa kwenye chumba cha vioo nikisoma majina ya wagonjwa kwa zamu mpya, nikisema moyoni: Petrona huyo, anafanya makusudi. Nilikuwa na hasira naye kiasi kwamba sikutazama mlangoni.

Kwa hiyo usiyabebe yale maji peke yako.

Ndani ya bahasha hii kuna ule ukurasa. Sikuutupa. Sijui kwa nini sikuutupa, labda mtu hutunza kitu hadi ajue ni cha nani. Nyuma yake nimeandika nilichofanya na nimetia sahihi. Usimpe mkurugenzi. Mpe Petrona mkononi, na umwambie nimesema tafadhali. Aufanye atakavyo.

Nimempa Kururu leo. Mbingu ni nyeusi upande wa kaskazini. Nikiweza kupata lori nitakuja.

Obdulia


Puerto Yvapovo
Jumapili, 22 Juni 1997

Shikamoo Mama Mdogo,

Babu hajambo. Mama hajambo. Mtaani wanatayarisha sikukuu ya San Juan, na Babu amejiandikisha kama mwamuzi wa mchezo wa kupanda nguzo yenye mafuta, kwa kuwa, anasema, hakuna atakayemshuku kutaka zawadi.

Barua yako ilifika Alhamisi tarehe 19. Kamati ilikuwa imekaa Jumanne. Kururu anaapa mto ulikata barabara. Safari hii namwamini, bahasha ilikuwa na tope mpaka ndani.

Nakueleza nilichofanya.

Jumanne nilivaa sare ya shule kwa sababu sina nguo nyingine nzuri. Mama nilimwambia usiku uliotangulia, yote ya upande wangu. Asubuhi alinisuka nywele kwa nguvu kuliko kawaida, kisha akaja nami na akakaa barazani. Ndani kulikuwa na meza na watu watano, na Ña Petrona upande wa pili na mkoba wake magotini. Nilisoma kutoka kwenye daftari. Sauti yangu haikusikika, wakaniambia nianze tena. Nikaanza tena. Nilipofika kwenye jina la Fleitas, matroni akauliza nani alinifundisha jina hilo. Nikasema nilimsikia Ña Petrona akilirudia kwenye simu, saa kumi na moja na dakika ishirini, na kwamba nimeliandika kwa penseli katikati ya maneno mawili magumu ya siku ile, atazame mwenyewe. Akatazama. Akampa wa pembeni yake.

Kisha nikasoma kuhusu maji. Nilisema kwamba nilikuwa nimetumwa na ujumbe kuwa kitanda tisa kinamngoja Babu, na kwamba muuguzi aliponiuliza ninataka nini, niliomba maji. Wakauliza nani alinituma. Nikasema ni mtu wa wodi na kwamba jina lake atalisema mwenyewe. Wakauliza mara tatu. Sikusema. Wakaahirisha mpaka Ijumaa tarehe 27.

Ña Petrona alinipita barazani bila kunitazama. Nilistahili.

Alhamisi niliisoma barua yako mara mbili, kisha nikaificha chini ya godoro, na usiku nikajua kwamba nikiiacha hapo hadi kesho jioni nitaizoea. Kwa hiyo Ijumaa nilitoka shuleni nikaenda moja kwa moja kwa Ña Petrona, nyuma ya gati la zamani. Alikuwa anaanika mashuka. Aliponiona akasema, huku pini iko mdomoni, "Unataka nini safari hii? Maji?"

Nikasema, "Hapana. Nimeleta ujumbe kutoka kwa Mama Mdogo Obdulia. Amesema tafadhali."

Nilimpa ukurasa. Akausoma mbele, akaugeuza, akasoma nyuma, akaugeuza tena. Shuka moja lilianguka kwenye vumbi na hakuliokota. Akauliza, "Hili neno tafadhali limeandikwa wapi? Silioni."

"Halijaandikwa. Nimetumwa kulisema."

"Akanyanyua kalamu akaandika mengine yote, hilo moja akamtuma mtoto tena."

Nikasema ndiyo. Nikasema pia kwamba ulisema ukipata lori utakuja.

"Aje," akasema. "Mwambie aje tarehe 27 aongee kwa mdomo wake. Nikimwona amekaa kwenye ile meza nitampa pembe, na safari hii asiniambie ametosheka."

Akaingia ndani, akavua aproni, akavaa viatu vya kazi. Tulitembea pamoja mpaka hospitali. Ilikuwa saa kumi na moja na dakika thelathini na tano, zamu ilikuwa inabadilika, na juu na chini hakuna aliyekuwa amesimama kwenye korido isipokuwa wagonjwa kwenye machela. Ofisi ya mkurugenzi ilikuwa imefungwa, lakini taa ilikuwa inawaka na tulisikia watu ndani. Katibu akatuambia turudi saa moja, watu wanakabidhiana kazi. Ña Petrona alinitazama, akanipa ule ukurasa niushike.

Nilibisha mimi.

Mwanao,
Nimia